Vitu vya mteja ndani ya gari wakati wa kufua siti: utaratibu gani unazuia lawama?

Mzee_wa_Reli (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu ni wa wale wanaofua gari ndani kwa ukamilifu: siti zinafuliwa, kapeti linanyanyuliwa, dari linafutwa, mikanda inasuguliwa. Gari linashinda kwako, wakati mwingine linalala. Hakuna kitu kilichomo ambacho hakitaguswa.

Ugomvi na mteja kwenye kazi hii mara chache hutokana na doa lililobaki. Hutokana na "miwani yangu iko wapi?" Na ukifuatilia, vingi vinavyodaiwa kuibiwa havijaibiwa, vimehamishwa. Saa ilikuwa kwenye kishikio cha chupa. Kijana wa kwanza kaitia mfuko wa mlango isilowe, wa pili kaja kufuta mlango kaiweka mezani, wa tatu katupia taulo juu yake. Wote watatu waaminifu na hakuna anayejua saa iko wapi. Kwa hiyo tusianze na habari za kuajiri wacha Mungu. Tuanze na njia anayopita kitu tangu kinatolewa hadi kinarudi palepale kilipokuwa.

Ninachopendekeza ni hiki.

Mteja akiweka miadi, mtumie ujumbe wa maandishi aondoe mwenyewe fedha, simu, laptopu, vito, pasipoti, kadi orijino ya gari, na silaha kama anamiliki. Pia atenganishe ufunguo wa gari na funguo za nyumba. Nusu ya wateja hawatafanya, lakini ujumbe unabaki kwenye simu yake na yako.

Akifika, zungukeni gari pamoja kabla hajaondoka. Mpe kikapu na yeye ndiye afungue droo ya dashibodi, kiboksi cha katikati na buti. Wewe usifungue. Anachoona ni cha thamani anaondoka nacho, kinachobaki kinaandikwa kwenye fomu ya kupokelea gari.

Halafu piga video moja isiyokatwa, dakika 2 au 3. Ianzie kwenye namba ya gari, iingie kwenye dashibodi ikiwa imewashwa ili kilomita na taa za onyo zionekane, ipite kila mlango, kila mfuko, imalizie kwenye buti pamoja na shimo la tairi la akiba. Ukimaliza video piga picha ya kila eneo kivyake. Video ni ya kumaliza ubishi. Picha ni za kijana atakayerudisha vitu jioni akiwa amechoka.

Gari ligawe maeneo sita: dashibodi na droo, katikati, milango, mifuko ya nyuma ya siti, chini ya siti, buti. Kila eneo beseni lake lenye mfuniko, lenye tepu ya karatasi iliyoandikwa namba ya gari na jina la eneo. Cha mlango wa dereva hakilali pamoja na cha buti. Fedha, nyaraka na vito vinaingia kwenye pochi ya kitambaa yenye zipu, inafungwa kwa lakiri ya plastiki yenye namba (zile wanazofungia mita na makontena), na namba hiyo inaandikwa kwenye fomu. Mteja anaipiga picha fomu.

Anayetoa ni mmoja, na huyohuyo ndiye anayerudisha. Vakyumu haiwashwi mpaka eneo zima limetolewa kwa mkono.

Jazieni nyama.

FundiSiti_Ilala

Nakazia hapo kwenye vakyumu, maana ndipo vitu vidogo vinapopotelea.

Kabla ya kila gari, mwaga tangi la vakyumu na ukung'ute filta. Siyo mwisho wa siku, kabla ya kila gari. Hereni ikipotea unatafuta kwenye vumbi la gari moja, hutafuti kwenye vumbi la magari manne. Vumbi hilo liweke kwenye ndoo yenye namba ya gari na lisimwagwe mpaka mteja ameondoka na ameridhika.

Pili, soksi ndefu ya nailoni, ile nyembamba ya akina mama. Kata kipande, kivishe mdomoni mwa mpira wa vakyumu, funga kwa raba mbili. Mchanga unapita, hereni, laini ya simu na sindano ya hijabu vinanasa kwenye soksi. Pitisha hivyo kwanza kwenye reli za siti, kwenye upenyo kati ya siti na kiboksi, na pale mgongo wa siti unapokutana na kikalio. Halafu toa soksi uendelee kwa nguvu ya kawaida, kwa sababu soksi ikijaa vumbi inapunguza mvuto na mota inapata joto.

Tatu, hewa ya kompresa ije mwisho kabisa. Wengi wanaanza nayo kwa kuwa ni tamu, uchafu unaruka wenyewe. Lakini na laini ya simu inaruka, inaingia kwenye tundu la kiyoyozi au chini ya kapeti, na hapo hata aliyeirusha hajaiona.

Mashine ya kunyonya maji ukimaliza siti, usimwage maji yake moja kwa moja kwenye mtaro. Pitisha kwenye chujio la jikoni lenye matundu madogo.

Kijana_wa_Sponji

Mleta uzi, hizo fomu na lakiri ni za magari ya mabosi. IST za Bolt (teksi za kuitwa kwa simu) zinakuja saa kumi na mbili asubuhi, dereva anataka arudi barabarani saa nne. Nikianza kuhesabu sarafu za hamsini kwenye kishikio cha chupa nitaosha magari mangapi?

Mzee_wa_Reli

@Kijana_wa_Sponji sarafu ndizo za kuhesabu kuliko kitu kingine chochote. Mtu hajui ana sarafu kiasi gani kwenye gari, anajua tu zilikuwa nyingi. Akikuta zimepungua kichwani mwake, hata kama hazijapungua, ameshakuona mwizi na hatakwambia. Atahama tu kijiwe.

Na wala huhitaji kuhesabu peke yako. Wakati mnazunguka gari mwambie, "Kiongozi, hizi sarafu ondoka nazo." Tisa kati ya kumi wanajaza mfukoni. Anayekataa, mhesabie mbele yake, andika jumla juu ya bahasha ya kaki, gundisha, asaini juu ya pale ilipogundishwa. Zile zitakazookotwa baadaye chini ya siti zinaingia bahasha nyingine iliyoandikwa "zilizookotwa". Usizichanganye na za kwanza, hesabu yako ya mwanzo itakuwa haina maana.

Sarafu zilizogandishwa na soda chini ya kishikio, zimwagie maji ya uvuguvugu yenye sabuni, subiri dakika tano, zitoke zenyewe. Usichokonoe kwa bisibisi, utakwangua plastiki.

Kwa gari la haraka, punguza maeneo yawe matatu (mbele, nyuma, buti), video iwe dakika moja, fomu iwe ujumbe wa WhatsApp. Kisichopunguzwa ni mteja kuwepo wakati droo inafunguliwa.

Umeme_wa_Gari

Ngoja niwataje vitu vya mteja ambavyo vijana hawavihesabu kama vitu.

Memori kadi iliyo kwenye redio. Toyota nyingi zinazotoka Japani zina redio za NSZT na NSCP ambazo kadi yake ya SD siyo ya nyimbo, ni ya ramani. Kadi ikitoka, redio inakataa kazi na kudai irudishiwe kadi sahihi. Haikubali nyingine yoyote utakayonunua dukani. Kijana anaichomoa akifuta vumbi, anaiweka kwenye beseni la "katikati", inadondoka. Mteja anawasha gari anakuta redio imekufa, na hiyo kadi huipati Kariakoo kwa bei ya memori kadi. Kama haijatoka, usiitoe. Bandika tepu ya karatasi juu ya mlango wake kabla ya kupitisha brashi.

Betri. Ukitaka kutoa siti zenye eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga), utaratibu ni kuzima gari, kuchomoa waya hasi wa betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa soketi za njano zilizo chini ya siti. Sawa kabisa. Lakini redio za Kijapani zenye ulinzi zikikosa umeme zinajifunga na kudai msimbo, ule watu wanaouita ERC. Muulize mteja kwanza kama anao. Kama hana, fua siti zikiwa palepale. Na usifungue soketi ya njano swichi ikiwa imewashwa, taa ya eabegi itawaka na haizimiki kwa maombi, mpaka mashine ya kusoma makosa.

Kifaa cha kufuatilia gari. Magari ya mkopo na ya kampuni yana kiboksi kidogo chenye waya mbili au tatu, kimefichwa chini ya usukani au nyuma ya droo. Kinaonekana kama uchafu wa fundi umeme mbovu. Ukikivuta, mwenye gari au aliyemkopesha anapata taarifa kwamba gari linachezewa. Kisiguswe na kisilowe.

Kamera ya dashibodi. Inarekodi mnapoongea. Ukilazimika kuichomoa ili ufute kioo, mwambie mteja kabla. Kamera iliyozimika katikati ya kazi bila maelezo inazaa maswali hata kama hakuna kilichoharibika.

Sarafu kwenye tundu la kiwashio. Ikiingia mle inagusisha chanya na hasi, fyuzi inakatika (mara nyingi ni ya ampea 15), na mteja analalamika kwamba mmemharibia chaja. Pitisha tochi mle ndani wakati wa kupokea na wakati wa kukabidhi.

Na simu iliyoteleza kwenye reli. Usisogeze siti hata sentimita moja kabla hujamulika chini, hasa siti ya umeme. Mota haina huruma, inabana simu mpaka betri yake inapasuka, na betri ya lithiamu iliyopasuka inashika moto. Hapo unaungua na sponji yake.

Binti_Mwambao

Kuna vitu ambavyo shida yake siyo thamani, ni heshima.

Msahafu haukai sakafuni, hauwekwi chini ya kitu kingine, haushikwi kwa mkono wenye povu. Kama kwenye zamu yenu kuna Muislamu mwenye udhu, yeye autoe. Kama hayupo, mwombe mteja autoe mwenyewe, au uushike kwa kitambaa safi ukauweke juu ya rafu ya juu kabisa, siyo kwenye beseni pamoja na charger na miwani. Biblia nayo ipewe sehemu safi. Tasbihi na rozari za kwenye kioo zisivutwe, nyuzi zake nyingi zimechakaa kwa jua na zikikatika shanga zinakimbilia kwenye tundu za kupulizia kioo. Shikilia kwa mkono mmoja, fungua kwa mwingine, zilale kwenye bahasha.

Kichupa cha maji yasiyo na lebo siyo takataka. Kinaweza kuwa maji ya baraka au zamzam. Kichupa cha mafuta kinaweza kuwa mafuta ya upako, nacho kikae wima, maana kikimwagika juu ya siti ya kitambaa umejiongezea kazi ya masaa mawili. Hirizi ukikutana nayo chini ya kapeti, piga picha pale ilipo, safisha pembeni yake, iache au irudishe upande uleule. Usimwite mwenzio aje aone. Kicheko kinasikika mpaka ofisini kwa mteja.

Nguo za ndani, kondomu, kipimo cha mimba, karatasi za hospitali: vinaingia pochi ya zipu bila neno, haviorodheshwi kwa majina. Kwenye fomu andika "vitu binafsi, pochi moja, lakiri namba fulani". Imetosha.

Kijana_wa_Sponji

Na hereni imeokotwa chini ya siti ya abiria, gari kalileta mzee, kalifuata mama? Hapo mnafanyaje?

Chuma_Chakavu

Anakabidhiwa aliyekuja kuchukua gari. Mali ya nyumba moja.

Binti_Mwambao

@Chuma_Chakavu hapana ndugu yangu. Unajuaje kama ni ya nyumba hiyo? Na kama siyo, umevunja ndoa ya watu kwa kazi ya kufua siti.

Kilichookotwa kinarudi kwa aliyesaini fomu ya kupokelea gari. Akituma mtu mwingine kulifuata, mpigie yeye: "Kuna pochi yenye lakiri ya vitu vilivyookotwa, nimpe huyu au nikuhifadhie?" Humtajii ni nini. Akisema mpe, mpe ikiwa imefungwa. Akisema hifadhi, unahifadhi. Kamwe usiseme mbele ya watu "tumeokota hereni ya dhahabu", hata kama unaona ni sifa kwenu.

Chuma_Chakavu

Nimekuelewa, hoja ya lakiri ina nguvu. Ila kwa gari la kampuni linaloletwa na dereva?

Mzee_wa_Reli

Gari la kampuni lina watu watatu: dereva aliyelileta, mtumiaji (bosi), na ofisi inayolipa. Vitu vya ofisi na nyaraka vinasainiwa na dereva. Vitu vilivyookotwa siti ya nyuma usimpe dereva mkononi bila maandishi. Piga picha ya pochi ikiwa imefungwa, mtumie mtu wa usafirishaji wa ofisi hiyo, kisha dereva aondoke nayo. Unamlinda na dereva mwenyewe.

Hakimu_wa_Kijiweni

Upande wa sheria kwa Tanzania, kwa ufupi, maana watu wanategemea bango la "hatutahusika na upotevu wa mali".

Ukipokea gari kwa kazi, umekabidhiwa mali kwa madhumuni maalumu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe ya aina na thamani hiyo. Kuacha laptopu ya mtu juu ya boneti njiani siyo utunzaji huo. Bango la ukutani si karatasi iliyosainiwa, lisikupe usingizi. Fomu yenye orodha na saini ndiyo inayoongea.

Kuokota na kunyamaza: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamwangalia aliyeokota kama alijua au angeweza kwa njia za kawaida kumjua mwenye mali. Kitu kimetoka kwenye gari lenye namba na mwenye gari simu yake unayo. Utasemaje hukumjua?

Bastola au risasi: usiishike, usiitoe risasi, usiihamishe kwenye beseni. Funga mlango, mweke mtu asimame hapo, mpigie mteja aje aichukue mwenyewe. Umiliki wa silaha unakwenda na leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na wewe huna leseni ya ile. Hapatikani? Polisi. Ukikuta unachodhani ni dawa za kulevya ni hivyohivyo, usikiguse.

Na mabosi wanaokata posho ya kijana kwa kitu kilichopotea: kwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka makubaliano ya maandishi, kijana apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kuwakata vijana wa zamu nzima kwa sababu hujui nani kakosea ni kukiri kwamba huna utaratibu.

Mkaazi_wa_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Huku mambo ni yayo kwa yayo. Niongeze la picha.

Hizo picha za kupokelea gari zina anwani, kadi za benki, vyeti vya hospitali, jina la mtoto kwenye sare ya shule. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nanyi mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kwa hivyo picha zipigwe kwa simu ya biashara, si ya kijana. Nyaraka zifunikwe au zipinduliwe kabla ya picha, kinachotakiwa ni idadi ya karatasi na pahali zilipokuwa, si yaliyoandikwa ndani. Zifutwe baada ya muda mliomwambia mteja, tuseme siku 30.

Na zile picha za "kabla na baada" za kupandisha Instagram ni jambo jingine kabisa, ziombewe ruhusa kivyake. Kufunika namba ya gari pekee hakutoshi ikiwa kwenye siti kuna begi la mtoto lenye jina.

Mama_Mapacha

Wakuu hamjagusa kiti cha mtoto, na ndicho kitu cha hatari kuliko vyote kwa mtu asiyejua.

Kabla ya kukitoa piga picha tatu: mkanda ulivyopita nyuma, ulivyopita pembeni, na tundu la bega mkanda wa mtoto ulipo. Mikanda yake haitiwi jiki, haichemshwi, haisuguliwi kwa kemikali kali ya siti. Nyuzi zinadhoofika na kwa macho huoni. Sabuni laini, maji ya uvuguvugu, kitambaa, kisha ikauke kivulini. Bakoli, yaani kile kifungio cha mkanda, isitiwe mafuta wala grisi. Kama imejaa makombo, isuuze kwa maji ya uvuguvugu mpaka isikike inapofunga. Kitambaa cha kiti kinafuliwa kwa maelekezo yaliyoshonwa kwenye lebo yake.

Kukirudisha: mimi naona fundi wa siti asikifunge kwa mara ya mwisho. Kiweke kwenye gari na umwambie mzazi akifunge mwenyewe, na uandike kwenye fomu kwamba kimerudishwa bila kufungwa. Ukikifunga vibaya, hakuna atakayejua mpaka siku ya breki ya ghafla.

Dawa nazo. Insulini iliyofunguliwa, aina nyingi mwisho wake ni nyuzi 30 hivi, na gari lililofungwa kwenye jua la Dar linapita hapo mapema tu. Pampu ya pumu haitakiwi kwenye joto kali, kopo lake lina mgandamizo. Ukiona dawa, mpigie mteja, muulize iwekwe wapi. Isikae kwenye beseni juani. Hali kadhalika marashi ya kopo na viberiti vya gesi.

Na sindano. Usipitishe mkono kwenye upenyo wa siti kabla ya tochi na kibano. Glavu za nitrili zinazuia uchafu, hazizuii sindano wala wembe. Sindano iliyotumika inaingia kopo gumu lenye mfuniko, haivishwi tena kifuniko chake kwa mkono.

FundiSiti_Ilala

Umetukumbusha. Na mikanda ya gari yenyewe, usiivute yote nje na kuiachia ikiwa imelowa. Ibane pale juu kwa kibanio cha karatasi, ikauke, ndipo irudi.

Kijana_wa_Sponji

Karatasi je? Magari mengine yamejaa marisiti mpaka kero. Zote nihifadhi?

Mzee_wa_Reli

Zote zenye maandishi, ndiyo. Mfanyabiashara anazihitaji risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) kwa mahesabu yake. Tena karatasi ile inaandikwa kwa joto, haina wino: ikae juu ya boneti lenye moto, inageuka nyeusi. Kemikali yenye spiriti ikiigusa maandishi hayasomeki. Rundika kwa eneo ulikozitoa, zibane kwa kibanio, bahasha, kivulini. Usizipange upya kwa tarehe, huenda yeye kazipanga kwa akili yake.

Takataka ni hizi tu bila kuuliza: chupa tupu zenye chapa, maganda, mifuko ya chipsi, tishu zilizotumika, vijiti vya meno. Vingine vyote vinaingia mfuko wa "mteja aamue", anapewa mwishoni, atupe kwa mkono wake.

Chuma_Chakavu

Buti hamjalimaliza. Jeki, spana ya magurudumu, pembetatu, mtungi wa zimamoto, kamba ya kuvutia, na ile nati ya kufungulia rimu zenye kufuli. Nati hiyo ni ndogo, inakaa kwenye shimo la tairi la akiba, na ikipotea mteja hatagundua leo. Atagundua siku ya pancha Chalinze usiku. Iandike kwa jina lake kwenye fomu.

Mtungi wa zimamoto uangalie mshale wa presha ulipo na upige picha kabla, usije ukaambiwa mmeubonyeza. Usiulaze juani.

Mizigo mikubwa ya dukani, kama mteja kaja na magunia au maboksi ya bidhaa, kataa kuyashusha. Buti lisafishwe siku nyingine, au alete gari tupu. Kuhesabu bidhaa za watu siyo kazi ya kufua siti.

Mzee_wa_Reli

Kweli kabisa, hilo la magunia niliruka.

Kukabidhi basi. Vitu havirudi mpaka siti imekauka. Weka kiganja, kandamiza kwa sekunde kumi. Ukiona unyevu, bado. Karatasi na kitambaa cha rangi vikilala juu ya siti yenye unyevu vinaacha alama, na hapo umefua bure. Fungua picha za eneo, rudisha kimoja kimoja, sogeza siti ya dereva irudi alama yake (tepu ndogo kwenye reli kabla ya kuisogeza inasaidia), kioo cha kati nacho. Lakiri anakata mteja mwenyewe, baada ya kulinganisha namba na picha yake. Vilivyookotwa vinatoka mwisho kwa pochi yake. Halafu anasaini. Malipo yafuate, yasitangulie. Akishalipa huwa ameshashika gia na hataki kuangalia kitu.

Kijana_wa_Sponji

Swali la mwisho. Akiondoka akasahau beseni moja, na hapokei simu?

Hakimu_wa_Kijiweni

Beseni lifungwe, tarehe na namba ya gari juu, liingie kabati lenye kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mmoja. Mtumie ujumbe wa maandishi siku hiyohiyo, urudie baada ya siku mbili, usifute ujumbe. Fedha na nyaraka za utambulisho zisilale kwako wiki nzima. Kitambulisho cha NIDA, leseni au pasipoti ya mtu asiyepatikana vipeleke kituo cha polisi, uandikiwe kwenye kitabu na uchukue namba ya taarifa. Nguo, miwani na vikorokoro vikae miezi mitatu, na muda huo uwe umeandikwa kwenye fomu aliyosaini tangu mwanzo.

FundiSiti_Ilala

Na ile ndoo ya vumbi akishaondoka bila kusaini, usiimwage mpaka kesho yake jioni. Hereni huwa zinakumbukwa asubuhi mtu anapojiandaa kwenda kazini.